Adui Anayebanwa na Sheria: Kiini cha Ubishi wa Mashabiki wa Doctor Who

Tarehe 16 Machi 1984, televisheni ya BBC ilionyesha sehemu ya mwisho ya The Caves of Androzani, hadithi ya tamthilia ya Doctor Who iliyomuaga Peter Davison, mwigizaji wa tano wa Daktari, staringi wake. Tarehe 22 ya mwezi huohuo ikaanza The Twin Dilemma, hadithi ya kwanza kamili ya Daktari wa sita, Colin Baker. Mwaka 2009 jarida la Doctor Who Magazine liliwaomba wasomaji wake wazipange hadithi zote 200 zilizokuwa zimeshatoka. Androzani ikashika nafasi ya 1. Twin Dilemma ikashika ya 200. Mtayarishaji alikuwa yuleyule, John Nathan-Turner, na mhariri wa miswada yuleyule, Eric Saward. Baina ya iliyo bora kuliko zote na iliyo mbovu kuliko zote zilipita siku sita.

Ukiuliza kwa nini, jibu la kwanza utakalopewa ni adui. Adui wa Androzani ni Sharaz Jek, mtu aliyeungua uso na mwili kwa hila za mshirika wake wa biashara, Morgus, akaishia kujificha mapangoni nyuma ya kinyago cha ngozi. Hana haja ya kutawala ulimwengu. Anataka roho ya Morgus, na anataka kumweka karibu naye Peri, msichana anayesafiri na Daktari, kwa kuwa ni kitu kizuri cha kwanza kukiona baada ya miaka mingi ya upweke. Adui wa Twin Dilemma ni Mestor, koa mwenye kimo cha mtu, anayetaka kulipua jua ili mayai yake yatapakae angani. Haja ya Jek unaielewa hata kama inakuchukiza. Mestor hana haja, ana mpango tu.

Lakini wengi walioitupa Twin Dilemma chini kabisa hawakuwa wakimfikiria koa. Walikuwa wakimkumbuka Daktari mwenyewe, akili yake haijatulia baada ya kubadilika mwili, akimkaba Peri koo. Kwao hadithi ilikufia hapo, na hata adui angekuwa mzuri namna gani asingeifufua. Kwa hiyo ile namba 200 ni hukumu mbili zilizofungwa pamoja, moja ya adui na moja ya staringi, na mtu anayesoma orodha hawezi kujua ipi imeibeba nyenzake.

Karibu kila ubishi wa mashabiki wa tamthilia hii uko hivyo. Watu wanabishania kipindi kimoja, kumbe kila mmoja anajibu swali lake. Nimekaa na ubishi huu kwa miaka hapa Mombasa, na nimefikia msimamo ambao nitautetea: swali lenye uzito kuliko yote ni kama adui ana sheria inayombana, na kama waandishi wameiheshimu sheria hiyo. Mengine yote yana nafasi yake, ila hili ndilo linaloamua ni nani atakumbukwa.

Kwa asiyeifahamu, Doctor Who ilianza tarehe 23 Novemba 1963, ikasimama mwaka 1989, ikajaribiwa kwa filamu moja ya televisheni mwaka 1996, kisha ikarudi rasmi mwaka 2005. Daktari anatoka katika jamii ya Mabwana wa Wakati. Anasafiri ndani ya kibanda cha buluu cha simu ya polisi ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje. Akikaribia kufa mwili wake hubadilika, na mwigizaji mpya huchukua nafasi. Wa kwanza, William Hartnell, alimpisha Patrick Troughton mwaka 1966. Hila hiyo ndiyo iliyoifanya tamthilia idumu, na ndiyo inayofanya isiwepo Doctor Who moja ya kuhukumiwa.

Mombasa mashabiki wake si wengi kama wa kandanda, ila moto ni uleule. Wengi wa rika langu waliingilia mlango wa 2005, kwa nakala za sidii na baadaye flashi kutoka maduka ya muvi ya Mwembe Tayari. Kwenye baraza ya Kibokoni ninayokaa baada ya isha, mkubwa wetu ni mwalimu mstaafu wa fizikia aliyeona vipindi vya miaka ya sabini akiwa masomoni Uingereza. Mdogo wetu ni binti wa Kisauni anayesomea udaktari wa meno, aliyeanza na Jodie Whittaker, mwanamke wa kwanza kuongoza tamthilia hii. Mlango ulioingilia unaamua mengi. Unampenda Daktari uliyemkuta, na unamwogopa adui aliyekutisha ukiwa bado hujui kwamba Daktari hushinda.

Dalek, kiumbe anayeishi ndani ya gamba la chuma, ndiye wa kwanza kutugawa. Alibuniwa na mwandishi Terry Nation, aliyekulia Wales wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na sura yake ikachorwa na Raymond Cusick. Alionekana katika hadithi ya pili tu ya tamthilia, Desemba 1963. Sydney Newman, mkubwa wa tamthilia pale BBC, alikuwa amekataza majitu ya kutisha watoto. Mtayarishaji kijana Verity Lambert akashikilia uamuzi wake, na Dalek ndiye aliyeifanya Doctor Who ipendwe nchi nzima. Nation alimjenga juu ya Manazi: kiumbe aliyefunzwa kwamba kila asiyefanana naye hafai kuishi.

Wazo hilo ni zito. Umbo ni jambo jingine. "Ami, wanitisha na pipa?" yule binti alimwambia mwalimu. "Pipa lenye mpira wa kuzibulia sinki?" Na kweli mkono wa Dalek unafanana na kile kifaa cha kuzibulia sinki. Mwalimu anamtazama Dalek na kuiona itikadi, binti anamtazama na kukiona chombo. Wote wawili wana macho mazima. Mwaka 2005 mwandishi Robert Shearman aliyajibu maswali yote mawili katika kipindi kilichoitwa Dalek. Alimweka Dalek mmoja tu, amefungwa minyororo chini ya ardhi, kisha akautumia mpira uleule wa kuchekesha kumziba mtu pumzi hadi afe. Siku ile hakuna aliyecheka.

Tazama alichokifanya Shearman. Alimpunguza adui. Dalek mmoja, silaha yake imekufa, mlango umefungwa: mtazamaji anapima kila hatua anayopiga kuelekea uhuru. Mwishoni mwa msimu huohuo wanakuja Dalek laki kadhaa kwa pamoja na hofu inapungua badala ya kuongezeka, maana laki kadhaa hawahesabiki wala hawapimiki, na akili inajua kwamba jeshi kama hilo litafutwa kwa pigo moja la ajabu. Ndivyo ilivyokuwa. Nakipenda kipindi kile cha kufunga msimu kwa ajili ya maagano ya Christopher Eccleston, Daktari wa msimu ule. Kwa Dalek wake, hapana.

Malaika Wanaolia wanaionyesha hoja hii vizuri zaidi kuliko adui mwingine yeyote, kwa hiyo nitakaa nao.

Walizaliwa katika Blink, kipindi cha tarehe 9 Juni 2007 kilichoandikwa na Steven Moffat. Ratiba ya kurekodi ilikuwa imebana, ikabidi kiandikwe kipindi ambacho Daktari haonekani sana, na mzigo akaubeba Carey Mulligan, ambaye wakati huo wachache walimjua. Adui ni sanamu za malaika waliofunika nyuso. Sheria yao ni hii: ukiwatazama ni mawe, ukipepesa jicho wanakuja. Wakikugusa hawakuchinji. Wanakutupa nyuma katika wakati, ukaishi huko hadi uzeeke na kufa, nao wanajilisha zile siku ambazo ungeziishi huku.

Sheria hiyo mtoto wa miaka saba anaielewa, na papo hapo inamhusu, kwa sababu kila mtu hupepesa macho. Kuna jambo la ndani zaidi ambalo wengi hulihisi kabla ya kuweza kulieleza. Katika Blink hatuwaoni Malaika wakisogea hata mara moja, hata pale ambapo hakuna mhusika anayewatazama. Kamera inarudi na sanamu imekwisha kusogea. Ni kama kwamba macho yetu sisi wa nyumbani nayo yanahesabiwa, na sisi ndio tunaowazuia.

Mwaka 2010 Moffat akawarudisha katika hadithi ya vipindi viwili, The Time of Angels na Flesh and Stone. Safari hii wanavunja watu shingo. Safari hii picha ya Malaika nayo inageuka kuwa Malaika. Na kuna dakika katika Flesh and Stone ambapo tunawaona, kwa macho yetu, wakigeuza vichwa. Waandishi waliandaa sababu: Amy Pond, msichana anayesafiri na Daktari, amefumba macho, inambidi atembee kana kwamba anaona, na Malaika wanadhani wanatazamwa. Ndani ya hadithi, sababu hiyo inaweza kusimama.

Kwa mtazamaji haisimami. "Si yule msichana tu alokuwa akiwatazama," yule binti alilalamika. "Hata mimi nilikuwa nawatazama!" Sijasikia uchambuzi bora zaidi wa kipindi kile kuliko sentensi hizo mbili. Mkataba baina yetu na Malaika ulivunjwa, na aliyeuvunja ni kamera. Wapo wanaokitetea, na hoja yao nzuri ni ile ya picha inayogeuka kuwa Malaika: hiyo ni nyongeza inayotokana na sheria ya zamani, kwani kutazama ndiko kulikokuwa salama na sasa kutazama kwenyewe kuna sumu. Hapo nakubaliana nao kabisa. Sheria ikikazwa, adui anakua, na ikilegezwa ili apatikane mshtuko wa dakika moja, anadhoofika kwa miaka yote inayofuata.

Cyberman, binadamu aliyebadilishwa viungo kuwa mashine, sitamchelewesha. Kit Pedler, aliyekuwa mtafiti wa tiba, na Gerry Davis walimuunda mwaka 1966 kutokana na hofu ya enzi ile kuhusu viungo bandia: utabadilisha kiungo hadi kipi ndipo uache kuwa mtu? Kila alipogeuzwa roboti wa chuma wa kawaida alichosha, na kila aliporudishwa karibu na binadamu alitisha. Katika World Enough and Time ya mwaka 2017 mgonjwa aliyefungwa vitambaa usoni anabonyeza kifaa kinachosema "maumivu, maumivu", na muuguzi anakuja kumpunguzia sauti. Maumivu anamwachia. Sijui shabiki anayekibishia kipindi hicho.

The Master ana mambo mengine. Waswahili wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na huyu ndiye zimwi anayemjua Daktari: Bwana wa Wakati mwenzake, rafiki wa utotoni. Aliingia mwaka 1971 akiigizwa na Roger Delgado, mpole wa sauti, nadhifu wa mavazi, hadi Delgado alipofariki katika ajali ya gari Uturuki mwaka 1973. Baadaye wakaja Anthony Ainley, John Simm, Michelle Gomez kwa jina la Missy, na Sacha Dhawan. Kubishana nani bora kati yao ni kubishana uliingilia mlango upi, na ubishi huo hauna mwisho.

Ubishi wenye maana ni juu ya anachokitaka. Sheria ya The Master haiko mwilini mwake, iko moyoni. Hawezi kuachana na Daktari. Anaweza kumuua mara kadhaa na asimuue, kwa kuwa akimuua hatabaki mtu wa kumwonyesha ushindi. Mwaka 2017 Missy anaamua hatimaye kusimama upande wa Daktari, na anayemmaliza ni nafsi yake ya zamani, Simm, asiyevumilia kujiona akitubu. Kisha mwaka 2020 anarudi kwa sura ya Dhawan, mwovu kama hajapitia lolote. Dhawan anaigiza kwa nguvu na sina neno naye. Malalamiko ya mashabiki ni kwamba safari ya Missy ilifutwa bila kufidiwa hata kwa mazungumzo mafupi, na malalamiko hayo ni ya haki.

Sutekh ndiye mfano mchungu kwa mwalimu wetu. Katika Pyramids of Mars ya mwaka 1975 ni mungu wa Misri aliyefungwa kwenye kiti, hawezi hata kuinuka. Ana sauti tu, sauti ya taratibu ya Gabriel Woolf, na kwa sauti hiyo anatisha kuliko jeshi. Mwaka 2024, katika Empire of Death, Woolf yuleyule akaitoa sauti ileile baada ya karibu miaka 50, na kusisimkwa ilikuwa haki yetu. Lakini sasa Sutekh ni dude kubwa lililokumbatia kibanda cha Daktari, na vumbi lake linaua karibu kila kilicho hai ulimwenguni. Wakishakufa wote, kila mtu anajua lazima warudishwe, na kweli wakarudishwa kwa Sutekh kuburutwa ndani ya njia ya wakati. Kifo cha wote hakikumgusa yeyote. Alipokuwa amefungwa kitini alikuwa mkubwa zaidi.

Maoni hubadilika pia, tena kwa sababu zisizo na uhusiano na ladha. The Enemy of the World, ya Desemba 1967 hadi Januari 1968, ilidharauliwa kwa miongo kadhaa na watu ambao hawajaiona. BBC ilikuwa imefuta kanda zake nyingi za miaka ya sitini, na kati ya sehemu sita za hadithi hii ilibaki moja. Mwaka 2013 zilitangazwa sehemu tisa za hadithi mbili zilizopatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Watu wakaiona nzima kwa mara ya kwanza tangu ilipotangazwa, wakamwona Patrick Troughton akimwigiza Daktari na pia Salamander, dikteta anayefanana naye sura. Heshima yake ikapanda mara moja. Adui mzuri alikuwa amelala stoo ya Afrika, huku hukumu yake ikitolewa kwa picha za mnato na sauti.

Liko swali jingine ambalo sisi wa huku hatuwezi kulipita: kipindi kinawatazamaje watu? The Talons of Weng-Chiang ya mwaka 1977 ilikuwa miongoni mwa kumi bora katika ile kura ya 2009. Mazungumzo yake yamefumwa vizuri sana. Na ndani yake mwigizaji Mwingereza, John Bennett, amepakwa na kubandikwa uso ili awe Mchina, na Wachina wengine wamewekwa kama kundi la kutisha tu. Ubao mmoja wa alama hauwezi kubeba mambo hayo mawili. Mimi nausifu mswada na kuukataa uso ule, na sioni sababu ya kulazimishwa nichague moja.

Ndiyo maana The Story & the Engine ya Mei 2025 ilipokelewa kwa furaha pale barazani. Iliandikwa na Inua Ellams, aliyezaliwa Jos, mji uleule zilikopatikana zile kanda. Daktari ni Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda, na hadithi iko Lagos, ndani ya duka la kinyozi. Adui anaitwa the Barber. Amewafungia wanaume dukani, na kila mmoja anaponyolewa husimulia hadithi. Hadithi ndiyo mafuta ya injini, na nywele huota tena mara moja ili kazi iendelee. Zamani aliwatumikia miungu kwa kuzieneza hadithi zao, Anansi, buibui mjanja wa ngano za Afrika Magharibi, akiwa mmoja wao, kisha wakamtupa bila kumtaja. Ana kidonda, ana sheria, ana duka moja. Wapo walioona fumbo limepita kasi na mashine haieleweki, na nakiri maelezo ya mitambo ni machache. Lakini nani huku asiyejua kwamba kwa kinyozi ndiko habari za mtaa mzima zinakopita? Na adui huyu hamalizwi kwa mlipuko. Anazungumzishwa hadi anaiachia kazi yake.

Sasa ondoa kidonda, ondoa uso, ondoa jina, ubakishe sheria peke yake. Hiyo ni Midnight, ya Russell T Davies, Juni 2008. Watu wachache wamekwama ndani ya chombo cha watalii juu ya sayari ya almasi. Kitu kinamwingia abiria mmoja, Sky. Kwanza anarudia kila neno linalosemwa. Halafu anasema pamoja na msemaji. Halafu anamtangulia Daktari, na Daktari ndiye anayerudia. Hatukioni kitu hicho hata kidogo. Tunachokiona ni abiria, watu wa heshima, wakikubaliana polepole kumtupa Daktari nje afe. Aliyewaokoa ni mhudumu wa chombo, na baada ya kufa kwake wanagundua hakuna aliyelijua jina lake.

Mwaka 2025 ukaja mwendelezo, The Well, na hapa baraza yetu imegawanyika kabisa. Kitu kile kimepewa sheria mpya: kinajificha nyuma ya mgongo wa mtu, na anayefika nyuma ya huyo mtu, mahali ilipo namba 12 kwenye uso wa saa, anarushwa na kuuawa. Mwalimu anasema sheria mbili tofauti maana yake viumbe wawili tofauti, na kwamba kutumia jina la Midnight kulikuwa ni kukopa hofu ambayo kipindi hakikuichuma. Mimi nasema hapana. Sheria imebadilika lakini ni kali vilevile, unaweza kuichora sakafuni kwa chaki, na waandishi hawakuivunja hata mara moja hadi mwisho. Uso hawakutuonyesha. Mwalimu amenitaka niitazame tena Midnight nimwonyeshe mahali popote kitu kile kinapokaa nyuma ya mtu, na nimemjibu kwamba kinapogonga ukuta wa chombo kutoka nje, kinagonga pande zote, na mbele na nyuma hatuzijui bado.